Yowe Lisilonyamaza Kifuani

Mkoani Katavi tumbaku imejenga nyumba na kulipa ada za watoto, na hatumsuti mkulima kwa hilo. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa kaya za Kasekese na jirani zake kuhusu ile tumbaku inayosokotwa kwenye karatasi, au kununuliwa dukani kama sigara, kisha ikavutwa.

Kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, wengi wameshasikia. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo husababisha saratani. Huharibu vinasaba, yaani maagizo yanayoiambia seli lini igawanyike na lini iache. Hadithi huwa inaishia hapo. Kumbe kuna kipande kingine, nacho hufanywa na mwili wenyewe.

Yowe la kila siku

Mwizi akiingia zizini, mwenye ng'ombe hupiga yowe. Wasukuma huliita mwano. Sungusungu hutoka na marungu, mwizi akafukuzwa, watu wakarudi kulala. Mapafuni nako wamo walinzi, seli zinazomeza vumbi na vijidudu. Zikikutana na moshi hutoa protini iitwayo intalukini-1 beta. Protini hiyo ndiyo yowe: hutoka nje ya seli iliyoitengeneza, ikaita askari wengine kutoka kwenye damu.

Sasa yowe hilo lipigwe mara kumi kwa siku, miaka ishirini. Askari hawalali tena; wanakanyaga mahindi ya mwenyeji wao. Nyama ya mapafu huumia, na mwili huhangaika kuiponya kwa kuotesha seli mpya na vimishipa vya damu. Seli ambayo vinasaba vyake vimeshaharibika hunufaika na ghasia hiyo: inahimizwa kuzaliana, na damu ya kuilisha ipo.

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa CANTOS, uliohusisha watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, wengi wao wakiwa wavutaji au waliowahi kuvuta. Miongoni mwa waliochomwa canakinumab, dawa inayoizima protini hiyo, waliopata saratani ya mapafu walikuwa wachache kuliko miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Lakini usianze kuiulizia dukani. Iliongeza vifo vya maambukizi, na ilipojaribiwa baadaye kwa watu wenye saratani hiyo tayari, haikuwarefushia maisha.

Linalobaki ni kumwondoa mwizi, yaani kuacha kuvuta. Aliyeacha kwa miaka 10, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Kupunguza hadi sigara mbili tatu si kinga. Na ukivutia ndani, yowe linapigwa pia kwenye vifua vya mkeo na watoto.

Mzee atakuambia babu yake alivuta kiko hadi akafika miaka tisini. Huenda ni kweli. Waliokufa mapema hawapo kusimulia yao.

Kikohozi

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yenye damu, kukonda bila sababu: nenda zahanati ukapimwe kifua kikuu. Kisipoonekana na kikohozi kikaendelea, usirudi nyumbani ukaridhika. Omba rufaa ya kupigwa picha ya kifua, na umwambie mganga, bila kuficha, umevuta miaka mingapi.