Wilaya Imebadili Jina, Wakfu Haukubadilika

Ndugu msomaji, wapo wengi wetu hapa mjini ambao wazee wetu waliacha shamba, nyumba au kiwanja cha madrasa huko mikoani. Leo tujifunze kutokana na historia ya iliyokuwa Wilaya ya Mpanda Vijijini.

Wilaya ya Mpanda ilikuwa chini ya Tabora kabla ya Mkoa wa Rukwa kuundwa katika miaka ya 1970. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko na Waingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi. Baadaye eneo hilo likapokea wakimbizi: Wanyarwanda Mwese katika miaka ya 1960, kisha Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakawekwa Katumba na Mishamo. Sensa ya 2002 ilihesabu wilaya nzima watu 412,683.

Ukubwa wa eneo ulikuwa mzigo. Mkoa wa Katavi wa leo, ambao kabla ya hapo ulikuwa wilaya hiyo moja, una zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na tano ya Zanzibar. Basi mji ukatengwa na vijiji, na mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, Mlele ikawa wilaya. Halmashauri za Nsimbo na Mpimbwe nazo zikazaliwa. Sehemu iliyobaki, yenye Karema, Mwese na Mishamo, sasa ni Wilaya ya Tanganyika. Sensa ya 2022 ilihesabu Katavi watu 1,152,958.

Tuseme mzee alizaliwa Mwese mwaka 1970 na hajahama hata siku moja. Amekuwa mtu wa Tabora, kisha wa Rukwa, na sasa wa Katavi. Je, hati ya kiwanja alichokitoa wakfu mwaka 1985 inasema nini? Inasema Mpanda, Rukwa. Shahidi mmoja amefariki, mwingine kahama. Mwembe uliokuwa mpaka umekatwa. Siku jirani akisogeza uzio, msikiti utajitetea kwa lipi?

Kubadilika kwa jina la wilaya hakumnyang'anyi mtu haki yake. Kinachoipoteza haki ni uzembe wetu wa kutoandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqarah, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Ikiwa deni la watu wawili limepewa uzito huo, vipi mali ya wakfu, ambayo vizazi vinaitegemea? Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, Allah (SW) anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Kwa hiyo tufanye haya. Kwanza, tuwaulize wazee wangali hai, tuandike nani alitoa, lini, na majirani wa pande zote nne. Pili, tufike serikali ya kijiji na halmashauri ya sasa, tuulize kumbukumbu za zamani ziko wapi. Tatu, wadhamini wasajiliwe RITA, na nakala za hati zihifadhiwe sehemu zaidi ya moja.

Likizo ijayo, ukienda kusalimia nyumbani, beba daftari. Sadaka ya mzee wako inaendelea kumfikia maadamu wakfu upo.

Wabillaahi tawfiiq.