Dondoo muhimu: Mbwa aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa

Anza na sakafu. Vigae vinateleza, na mbwa wa miguu mitatu akianguka siku za mwanzo huogopa hata kusimama. Tandika mikeka ya mpira au zulia kuukuu kutoka anapolala hadi kwenye bakuli la maji na mlangoni. Akitoka kujisaidia, pitisha taulo chini ya tumbo umshikilie, usimbebe. Aliyekatwa mguu wa mbele hupata tabu zaidi, maana miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito; huyo taulo lipite kifuani.

Dawa za maumivu ni zile tu alizoandika daktari wa mifugo. Ibuprofeni au diklofenaki ya kabatini kwako inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mpaka hapo asilambe mshono, hata kama kola ya shingoni anaichukia (na ataichukia). Michubuko na uvimbe kidogo ni kawaida. Ukiona usaha, au akikataa chakula, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Usimnenepeshe kwa huruma. Na ulizia tibakemikali mapema: kukata mguu huondoa maumivu, lakini saratani hii hukimbilia mapafuni.