Maneno Yenye Kuficha Maneno

Somo letu la lugha mara hii halitoki katika kitabu. Linatoka sokoni na mu njia.

Sisi wa Likasi tunaita uwongo "bongo". (Ukifika Dar es Salaam, angalia: kule bongo ni akili, na Bongo ni jina la utani la mji wenyewe.) Bongo ni neno wazi. Lakini kuko mengine yenye kuvaa nguo ya upole.

Chukueni matabishi. Lilitoka kwa Wareno: mata-bicho, maana yake "ua mdudu", ndiyo kinywaji kidogo cha asubui cha kunyamazisha tumbo. Wahispania nao wanasema matar el gusanillo, kuua kijidudu, wakila kidogo tu. Angola mpaka leo matabicho ni chakula cha asubui. Kwetu, mama muuza unga akiongeza kidogo juu ya kipimo, ni matabishi, na ni vizuri: ametoa chake. Mtu wa ofisi akisema, "Na matabishi yangu?", neno ni lile lile, lakini yeye anauza kisicho chake. Mtasema mshahara wake hautoshi. Pengine ni kweli. Basi aseme hivyo!

Kinshasa wanasema madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Kenya na Tanzania wanasema chai, ao kitu kidogo. Mmeona? Karibu yote ni chakula. Ukikataa, ni kama umenyima watoto wake. Ndiyo nguvu ya neno: mwenye kuombwa anaona haya, mwenye kuomba haoni.

Artikle 15 yenyewe inavaa sheria. Watu wanasimulia kwamba ilitoka Kasai ya Kusini, dola ya Albert Kalonji iliyojitangaza mu Agosti 1960: wakimbizi walikuwa wengi, msaada kidogo, na jibu likawa "débrouillez-vous", jitafutieni. Tangu pale, mtu akiuza kisicho chake anasema, "Ni artikle 15, ndugu." Lakini fungueni katiba yetu ya 2006. Artikle 15 ya kweli inaagiza serikali kumaliza jeuri ya kijinsia. Kujitafutia hakumo hata kidogo.

Zoezi. Andika maneno matatu ya namna hii uliyosikia wiki hii. Pembeni ya kila moja, weka neno la wazi. Kisha soma jumla yako kwa sauti mbele ya darasa, na uweke alama pale sauti ilikwama.