"Ni Wetu, Msimuue": Waliohukumiwa Kifo Ugenini kwa Dawa za Kulevya



Katika utume wetu wa mwisho wa juma, mama mmoja wa jumuiya ndogondogo alisubiri hadi watu wote walipotoka kanisani, ndipo akatuomba tumkumbuke mwanawe aliyefungwa huko Asia. Hakutaja nchi wala kosa, nasi hatukuuliza. Lakini yeye alituuliza: "Hivi, Frateri, wakitaka kumuua, serikali yetu inaweza kuwakatalia?" Tulimjibu kwamba tutamwombea. Tulimaanisha hivyo, ila halikuwa jibu la swali lake. Hapa tunajaribu kulijibu.

Kwa upande wa sheria, jibu ni hapana. Anayeingia nchi ya watu huwa chini ya sheria za nchi hiyo, na hakuna balozi awezaye kuitengua hukumu ya mahakama ya wenyeji. Kinachowezekana ni kidogo zaidi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, katika ibara ya 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Tena Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 6, unazitaka nchi ambazo bado zina adhabu ya kifo ziitoe kwa makosa mazito kabisa tu. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua kwamba makosa hayo ni yale yanayohusu kuua kwa kukusudia, na kwamba ya dawa za kulevya hayamo. Singapore haijauridhia mkataba huo. Indonesia imeuridhia tangu 2006, na ni Indonesia tunayotaka kuitazama kwa karibu, kwa maana yaliyotokea huko mwaka 2015 yanafundisha mengi.

Januari 18 mwaka huo watu sita walipigwa risasi kwa makosa ya dawa za kulevya. Watano walikuwa wageni: kutoka Brazil, Uholanzi, Vietnam, Nigeria na Malawi. Brazil na Uholanzi ziliwaita nyumbani mabalozi wao. Usiku wa kuamkia Aprili 29, katika kisiwa cha Nusakambangan, wakapigwa wengine wanane: Mwindonesia mmoja, Mbrazil mmoja, Waaustralia wawili na Waafrika wanne wa Afrika Magharibi. Mbrazil yule alikuwa na ugonjwa wa akili. Padre Charlie Burrows, Mwairlandi aliyemhudumia kiroho, alisimulia baadaye kwamba hata saa za mwisho mtu yule hakuelewa vizuri kuwa anakwenda kuuawa. Kati ya Waaustralia, mmoja alikuwa amewekwa wakfu kuwa mchungaji humo gerezani, mwingine akawa mchoraji. Wote wanane walikataa kufungwa vitambaa machoni, wakaimba nyimbo za kumsifu Mungu mpaka risasi zilipolia.

Dunia ilipiga kelele nyingi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliomba. Rais wa Brazil alikuwa amekwisha kukataa, mwezi Februari, kupokea hati za utambulisho za balozi mpya wa Indonesia. Waziri Mkuu wa Australia, Tony Abbott, aliikumbusha Indonesia msaada wa dola bilioni moja za Australia uliotolewa baada ya tsunami ya mwaka 2004. Hapo alikosea vibaya. Waindonesia walisikia anadai deni, wakaanza kuchangishana sarafu barabarani ili wamrudishie fedha zake! Rais Joko Widodo, aliyekwisha kusema kwamba hatasamehe mfanyabiashara yeyote wa dawa hizo, hakuweza tena kulegeza bila kuonekana ametishwa. Baada ya maombi kushindikana Australia ilimwita balozi wake. Baada ya wiki chache alirudi kazini.

Kwa nini kelele hizo zilikuwa na uzito mdogo? Tunadhani sababu kubwa ni kwamba kila mmoja alikuwa akimtetea wa kwake. Mwaka 2008 Indonesia iliwapiga risasi wanaume watatu wa mabomu ya Bali, na serikali ya Australia haikuwaombea. Polisi wa Australia wenyewe ndio waliowapa wenzao wa Indonesia taarifa zilizowanasa vijana wale mwaka 2005, huku wakijua sheria ya huko. Indonesia nayo haikuwa safi. Aprili hiyohiyo ya 2015 Saudi Arabia iliwaua wanawake wawili wa Kiindonesia, wafanyakazi wa nyumbani waliohukumiwa kwa mauaji, na serikali ya Jakarta ikalalamika kwa uchungu kwamba haikupewa hata taarifa. Katika mwezi mmoja serikali ileile iliomboleza wa kwake na kuwaua wa wenzake.

Ukiitazama kimantiki, hoja ya "ni wetu, msimuue" ina ukweli ndani yake, maana mzazi humtetea mwanawe kwanza na hatumlaumu. Ila haimfungi anayeisikia. Mwindonesia anaweza kujibu, "Ni wenu, lakini sheria ni yetu," na mjadala ukaishia hapo. Tena hoja hiyo humwacha pembeni asiye na mwenye nguvu wa kumsemea. Julai 2016 Indonesia iliandaa wafungwa 14. Dakika za mwisho 10 waliahirishiwa, wanne wakapigwa risasi: Mwindonesia mmoja na wageni watatu. Wote watatu walikuwa Waafrika.

Inatakiwa hoja inayoanzia kwa mtu mwenyewe kabla ya pasipoti yake. Hapa sisi wanafunzi wa falsafa tunakutana na ugumu ambao si haki kuuficha. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wetu mkuu, hayuko upande wetu. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 64, anafundisha kwamba mwovu aliye hatari kwa jumuiya anaweza kuuawa kihalali kwa ajili ya manufaa ya wote, kama vile kiungo kilichooza kinavyokatwa ili mwili upone. Na anatoa sababu: kwa dhambi yake mtu huanguka kutoka katika hadhi yake ya kibinadamu. Hapo ndipo fundo lilipo. Yohane Paulo II katika Evangelium Vitae ya mwaka 1995 alibana sana mazingira ya adhabu hiyo, na mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, namba 2267, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa hadhi ya mtu haipotei hata baada ya makosa makubwa sana. Ukikubali kwamba hadhi inaweza kupotea, basi tunachobishania na Jakarta ni kiwango cha kosa tu. Ukikataa, umewatetea kwa pumzi moja Mwaustralia, Mnigeria, mlipuaji wa Bali na mfanyakazi wa ndani aliyeko Saudia.

Tulipoyasema haya darasani, frateri mwenzetu alisimama. Kaka yake ni teja. Alisema: "Mnamlilia aliyebeba. Kaka yangu nani amlilie?" Darasa zima lilinyamaza, na hatupendi kumjibu kwa wepesi. Rais Widodo naye alisema maneno ya namna hiyo, kwamba dawa huua vijana 40 hadi 50 kila siku nchini mwake. Wataalamu, wakiwamo wa nchini humo, waliitilia shaka hesabu hiyo, lakini msiba wa familia moja hauhitaji hesabu ili uwe msiba.

Tunalosema ni hili: unga una mwenyewe, na mwenyewe huyo ni nadra kupanda ndege nao. Anayepanda ni yule tunayemwita punda. Aprili 2015 alikuwapo mwanamke wa tisa katika orodha, mama wa watoto wawili kutoka Ufilipino, aliyesema alipewa sanduku na watu waliomwahidi kazi za ndani. Aliyedaiwa kumtafutia kazi alijisalimisha kwa polisi wa Ufilipino zikiwa zimebaki saa chache tu. Mama huyo akaondolewa kwenye orodha ili aweze kutoa ushahidi, na Desemba 2024 alirudishwa kwao kwa makubaliano ya serikali mbili, kimya kimya, bila kutupiana maneno. Angepigwa risasi usiku ule, ushahidi wake ungezikwa pamoja naye. Kaka wa frateri wetu asingepata faida yoyote.

Kwetu jambo hili si la mbali. Miaka kadhaa iliyopita padre mmoja anayehudumia magereza ya Hong Kong, ambako hakuna adhabu ya kifo, aliweka kwenye intaneti barua za wafungwa, Watanzania wakiwamo, wakiwasihi ndugu zao wasikubali kubeba. Machi 2025 mwanamke Mkenya alihukumiwa kifo Vietnam, na serikali ya Kenya ikaomba asiuawe. Mwezi Juni Bunge la Vietnam liliondoa adhabu ya kifo kwa makosa manane, usafirishaji wa dawa za kulevya ukiwamo, kuanzia Julai 1. Sheria hiyo haikuuliza mtu ametoka nchi gani.

Sasa turudi kwa yule mama. Serikali yetu haiwezi kukataa, inaweza kuomba. Lakini balozi wetu akiomba, mwenyeji anaweza kumuuliza kuhusu nyumbani. Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990, na Kenya tangu 1987, ila nchi zote mbili bado zinayo adhabu hiyo vitabuni, na majaji wanaendelea kuitamka. Balozi atajibu nini?