Kijana mwenye siri na somo la kompyuta

Katika somo hili tunazungumzia vijana ambao kwa kawaida tunawataja kwa kunong'ona. Ni wavulana wanaovutiwa na wanaume, wasichana wanaovutiwa na wanawake, na wale wasiojiona sawa na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Wako kati yetu. Walikimbia risasi pamoja nasi, wakabeba magodoro na masufuria kama sisi, na wengine wao sasa wanakimbia maneno ya jirani. Kijana wa namna hiyo akianza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwenye kituo cha vijana, mara nyingi anaacha katikati. Watu husema somo lilimshinda. Ukichunguza, utakuta hakuwa na mtu wa kukaa naye benchi moja.

Tutazame maisha ya Christopher Strachey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1916. Alivutiwa na wanaume, na sheria ya nchi yake ya mwaka 1885 iliwatia gerezani wanaume wa namna hiyo. Ilianza kulegezwa mwaka 1967 tu. Strachey alisoma katika chuo cha King's, Cambridge. Katika mwaka wa tatu alizidiwa moyoni hata akasimamisha masomo. Dada yake Barbara alieleza baadaye kwamba huenda sababu ilikuwa kupambana na hali hiyo aliyokuwa nayo. Alirudi akamaliza, lakini kwa alama za kawaida. Baadaye akawa mwalimu wa sekondari.

Mwaka 1951, akiwa na miaka 34 (vijana wanaodhani wamechelewa waangalie hapo), alianza kuandika kwenye karatasi programu ya kuifanya mashine icheze dama, mchezo ambao vijana wetu wanaucheza kwa vizibo vya chupa. Programu ni orodha ya maagizo ambayo mashine inayafuata moja baada ya lingine, bila kukisia nia yako. Alipoijaribu mwezi wa Julai ilikwama: ilikuwa na makosa, tena kumbukumbu ya mashine haikutosha.

Akamwandikia Alan Turing, waliyejuana tangu King's, ambaye sasa alifanya kazi kwenye kompyuta ya Manchester. Turing ndiye aliyekuwa ameandika kitabu cha maelekezo ya mashine ile, kitabu kilichojulikana kwa ugumu wake. Strachey alikipata, akakisoma chote, kisha Turing akampendekezea kazi nzito zaidi: programu ya kuifanya mashine ijifuatilie yenyewe hatua kwa hatua. Mwalimu huyu wa sekondari alirudi na maagizo zaidi ya elfu moja. Turing akamwelekeza kwa muda mfupi, akaondoka, akamwachia mashine usiku kucha. Asubuhi programu ilikuwa inafanya kazi, na mwishoni mashine ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Mwaka 1952 Strachey aliacha ualimu kwa ajili ya kompyuta, na mwaka 1965 akaanzisha kundi la utafiti wa programu katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Jamii yake ya kwanza katika kazi hiyo, basi, ilikuwa mtu mmoja aliyemtangulia kidogo. Msaada aliopata ulikuwa kitabu, kazi ya kufanya, na usiku mmoja mbele ya mashine. Turing naye alivutiwa na wanaume. Mwaka huo wa 1952 alihukumiwa kwa sababu hiyo, akalazimika kuchagua kati ya gereza na dawa za homoni, na mwaka 1954 akafariki. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, miaka 55 baadaye.

Sasa tuje kwenye zoezi, maana linawezekana hata pasipo umeme. Mwaka 1952 Strachey aliandika programu nyingine iliyotunga barua za mapenzi. Mashine ilikuwa na orodha za maneno, ikachagua kwa bahati nasibu neno kutoka kila orodha, ikalipanga mahali pake katika sentensi. Barua zilitiwa sahihi kwa herufi za kompyuta yenyewe, na hazikusema kama mpendwa ni mwanaume au mwanamke. (Sidhani kama hilo lilitokea hivihivi.) Chukueni makopo matatu. La kwanza litiwe majina ya kumwita mtu, kama "jirani" au "rafiki". La pili, vitendo. La tatu, maneno ya kueleza kitendo kilivyofanyika. Wanafunzi wawili wawili waandike maagizo: chota karatasi kopo la kwanza, andika, chota la pili, andika, chota la tatu, andika, kama neno limekwisha kutumika, lirudishe uchote tena. Wakabidhi maagizo kwa wawili wengine wayafuate bila kuuliza kitu. Barua zitachekesha, na makosa ya maagizo yataonekana wazi. Muhimu ni ile kazi ya wawili wawili: hapo kijana anayekaa peke yake anapata mwenzake bila kudaiwa kueleza maisha yake.

Kwa viongozi tunasema hivi. Baadhi yenu mnaamini dini na mila hazikubali hali hii, na somo hili halikuja kuwanyang'anya imani. Linawaomba mlinde nafasi ya kijana darasani. Akikuambia siri yake, isitoke kwako: usimpelekee mzazi, usiiandike kwenye orodha yoyote, usiitaje katika kikao cha komite hata kama nia yako ni kumwombea msaada. Uvumi ukianza, uuzime mapema, kwa sababu kambini uvumi hugeuka mawe kwa siku moja. Mjue pia kwamba kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa kifungu cha 176, kinachohusu adabu mbele ya watu, kimewahi kutumiwa dhidi yao. Wanaovuka mipaka wawe waangalifu zaidi: Burundi iliweka adhabu mwaka 2009, na Uganda ikatoa sheria kali zaidi mwaka 2023.

Katika kikundi chenu jadilini: ni nani kambini kwetu anajua kompyuta kidogo kuliko mwalimu lakini zaidi ya anayeanza, na tunaweza kumwomba akae na nani? Funguo za kituo zinabaki kwa nani jioni? Na kijana aliyeacha darasa mwezi uliopita, nani kati yetu atakwenda kumtembelea, na atamwambia nini bila kumhoji?