Dondoo muhimu: Kula kwa mama lishe, Izia, Sumbawanga
Mfuko ukiwa mwepesi mjini Sumbawanga, kimbilio ni kibanda cha mama lishe. Zingatia haya:

• Wahi. Fika kuanzia saa sita na nusu mchana. Ukichelewa utaambulia ukoko.

• Fuata wateja. Penye bodaboda na wabeba mizigo wengi, sufuria huisha upesi na kiporo hakipati nafasi.

• Uliza bei kwanza. Ulizia pia kama maharage na mboga za majani vimo humo humo.

• Taja ugali wako. Sembe, dona au ulezi? Ulezi ni chakula cha asili cha Wafipa, wenyeji wa huku; ukiukuta, usiuache.

• Onja mgebuka. Samaki huyu hutoka Ziwa Tanganyika. Mle taratibu, ana miba.

• Nawa kwa sabuni na maji yanayomiminwa, si ya beseni la wote.

• Jihadhari na baridi. Juni na Julai ugali hupoa haraka. Anza kula ukiwa bado unafuka moshi.

• Beba noti ndogo. Chenji husumbua.

Ukishiba, lipa, shukuru, kisha mpishe mwenzako: benchi ni moja na wenye njaa ni wengi.