Laptopu Iliyotumika au Mpya? Somo Katika Fiqhi ya Kununua



Kila muhula unapoanza, ndugu na dada zetu huulizana swali hili: kwa pesa niliyo nayo, ninunue laptopu iliyotumika na kukarabatiwa, au mpya ya bei nafuu? Wengi hujibu kwa kutazama umri wa mashine. Fiqhi ya biashara inatuelekeza tuanze na swali jingine: je, unakijua unachokinunua?

Kwanza: gharar

Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo hali ya kitu kinachouzwa imefichika. Hadithi hiyo ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Katika laptopu, kufichika huanzia kwenye jina. Neno "i5" peke yake halikuambii kitu, kwa sababu i5 zimetengenezwa kwa miaka mingi. Tazama namba inayofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo ina uzito, maana Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inahitaji Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi cha sita bado kinafaa, mradi uwe tayari kutumia Linux, ambayo ni ya bure.

Upya nao usikudanganye. Laptopu nyingi mpya za bei ya chini zina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 ambayo mara nyingi haiongezeki, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Fungua Maktaba Shamila, PDF mbili za tafsiri na kivinjari kwa pamoja, utaona inavyokwama. Kinyume chake, mashine ya ofisini kama ThinkPad T480 ya mwaka 2018 unaweza kuiongezea RAM, kuibadilishia SSD na hata betri.

Pili: kasoro

Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya rundo, akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu ili watu waione, na akajitenga na mwenye kudanganya. Hii pia imo katika Sahihi Muslim. Betri iliyokufa na bawaba iliyogundishwa kwa gundi ndiyo unyevu wa leo, na muuzaji anawajibika kuvisema.

Akificha, una khiyari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha kitu kwa kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua. Katika madhehebu ya Shafi'i, irudishe mara tu unapogundua. Ukiendelea kuitumia, haki yako inaanguka. Vipi kuhusu duka lililoandika "mali ikiuzwa hairudi"? Wanazuoni wamekhitilafiana. Mahanafi wanalikubali sharti la muuzaji kujivua dhima ya kasoro. Kwa Mashafi'i, sharti hilo halimwokoi muuzaji wa bidhaa kama hii.

Usisubiri ugomvi. Omba khiyari ya sharti, ambayo kwa Shafi'i haizidi siku tatu, na iandikwe kwenye risiti: "siku tatu za kujaribu".

Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, kisha ufungue ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ikiwa 50,000 imebaki 20,000, umebakiwa na asilimia 40.
2. Jaribu kila kitufe cha kibodi, matundu yote ya USB, kamera, spika na Wi-Fi.
3. Ingia kwenye BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache. Huenda mwenyewe wa kwanza hakuiachia, na haifai kununua mali ya mtu bila idhini yake.

Tatu: deni

Wapo wanaochukua mpya kwa malipo ya awamu. Bei ya awamu kuwa juu kuliko ya taslimu inaruhusiwa kwa wanazuoni wengi, ikiwa mmekubaliana bei moja kabla ya kuachana. Tatizo ni faini ya kuchelewa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, ilikata kwamba ziada hiyo ni riba. Soma mkataba hadi mwisho, hata kama foleni ni ndefu.

Basi uchague ipi?

Tuseme una shilingi 1,000,000 taslimu. Laptopu ya kizazi cha nane iliyokaguliwa, yenye SSD na RAM ya GB 8, ni bora kuliko Celeron mpya, na ni bora zaidi kuliko mpya nzuri ya mkopo wenye faini. Nunua mpya ikiwa una pesa kamili ya mashine yenye nguvu, au huna mtu wa kukusaidia kukagua na unahitaji dhamana ya mtengenezaji.

Pesa hiyo huenda mzazi ameuza mahindi au ng'ombe ili uipate. Ni amana. Kuikagua mashine kwa saa nzima mbele ya muuzaji si kumdharau, ni kuitunza amana hiyo.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na mali ya halali. Wabillahi tawfiq.